Jenerali George Erskine na Swali la Mamlaka: Amri, Askari na Hali ya Hatari nchini Kenya, 1953–1955

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha na utumishi wa Jenerali Sir George Erskine (1899–1965), aliyekuwa Amiri Mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki kuanzia Juni 1953 hadi Mei 1955. Hoja yetu ni kwamba Erskine alikabidhiwa amri juu ya vikosi vyote vilivyopigana na Mau Mau, akaitumia amri hiyo kikamilifu katika kupanga operesheni, lakini katika suala la nidhamu na ulinzi wa raia akaishia kwenye mipaka ya jeshi. Pengo hilo liliamua nani aadhibiwe na nani aachwe, na ndilo lililofikishwa mahakamani London zaidi ya nusu karne baadaye.

1. Utangulizi

Tarehe 21 Julai 2011, Jaji McCombe wa Mahakama Kuu mjini London aliamua kwamba shauri lililofunguliwa na wazee wachache kutoka Kenya dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza lilikuwa na msingi wa kutosha kuendelea. Wazee hao walidai kwamba waliteswa vizuizini katika miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwa kusema kwamba, hata kama madai hayo yangekuwa kweli, deni lilikuwa la serikali ya koloni, na serikali ya koloni ilikwisha Desemba 1963. Mrithi wake, kwa hoja hiyo, ni Jamhuri ya Kenya.

Miongoni mwa majibu ya walalamikaji, mojawapo lilimhusu mtu aliyekuwa amefariki miaka 46 kabla ya siku hiyo. Walisema kwamba vikosi vilivyowatenda hivyo havikuwa mali ya Gavana wa Nairobi peke yake. Kuanzia Juni 1953 vilikuwa chini ya jenerali aliyeteuliwa na London, aliyelipwa na London na aliyewajibika kwa London. Jenerali huyo ni George Erskine.

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu Mau Mau, majina yanayorudiwa ni ya Kimathi, Itote, Kenyatta na Gavana Baring. Erskine hupita kama kivuli, mara nyingi katika sentensi moja inayomtaja kuwa ndiye aliyeamuru Operesheni Anvil. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la uzito, si la heshima. Hatumrejei hapa ili kumtukuza wala kumtia hatiani upya. Tunamrejea kwa sababu hati iliyompa kazi na barua alizoziandika zinatuwezesha kuuliza swali ambalo watafiti na washauri wa sera katika ukanda wetu wanalihitaji: mtu anapopewa amri juu ya vikosi vya aina mbalimbali, wajibu wake huishia wapi?

2. Kutoka Sandhurst hadi Brussels

George Watkin Eben James Erskine, ambaye wenzake walimwita Bobby, alizaliwa tarehe 23 Agosti 1899. Alisoma katika shule ya Charterhouse, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1918 akapata cheo cha uofisa katika kikosi cha King's Royal Rifle Corps. Miaka ya kati ya vita viwili haina mengi ya kutuchelewesha: ni miaka ya afisa wa kawaida wa dola kubwa, anayepanda ngazi polepole.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomtoa gizani. Mwaka 1942 alikuwa mnadhimu wa Kori ya 13 huko Afrika ya Kaskazini, wakati wa mapigano ya El Alamein. Januari 1943 Meja Jenerali John Harding, kamanda wa Divisheni ya 7 ya Vifaru, alijeruhiwa karibu na Tripoli, na Erskine akashika nafasi yake. Divisheni hiyo, iliyojulikana kwa jina la Panya wa Jangwani, iliingia Tunis mwezi Mei 1943 na baadaye ikapigana Italia. Msomaji alikumbuke jina la Harding, kwa maana miaka 10 baadaye ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lote la Uingereza, naye ndiye Erskine aliyemwandikia barua nyingi kutoka Nairobi.

Normandy ilimgeuzia mambo. Tarehe 13 Juni 1944, katika mji mdogo wa Villers-Bocage, msafara wa mbele wa Brigedi ya 22 ya Vifaru, iliyokuwa chini ya Brigedia Robert Hinde, uliviziwa na vifaru vya Kijerumani na kuteketezwa kwa muda mfupi sana. Divisheni ilirudi nyuma. Mwanzoni mwa Agosti, baada ya mwendo mwingine wa kusuasua, mkuu wa kori, Erskine na Hinde wote watatu waliondolewa. Kwa hiyo watu wawili walioshushwa pamoja nchini Ufaransa walikuja kukutana tena nchini Kenya: Hinde alitangulia mapema mwaka 1953 kuongoza operesheni chini ya Gavana, na Erskine alipofika Hinde akawa naibu wake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu baadhi ya waandishi huiona Kenya kama jalala la majenerali walioshindwa. Hatukubaliani nao kuhusu Erskine. Kati ya mwaka 1944 na 1953 alipewa kazi ambazo mtu aliyetupwa hapewi.

Ya kwanza ilikuwa Ubelgiji, ambako aliongoza ujumbe wa makao makuu ya majeshi ya Washirika baada ya nchi hiyo kukombolewa. Novemba 1944 serikali ya Waziri Mkuu Hubert Pierlot ilitaka wapiganaji wa upinzani wasalimishe silaha zao, nao wakasita. Erskine alisimama waziwazi upande wa serikali na kuonya kwamba majeshi ya Washirika yangeingilia kati ikibidi. Kwa mara ya kwanza tunamwona katika kazi ambayo baadaye ingekuwa ya kawaida kwake, yaani kutumia uzito wa jeshi ndani ya mgogoro wa kisiasa wa watu wengine. Baadaye alitumwa Hong Kong, akarudi kusimamia Jeshi la Akiba, na mwaka 1949 akapewa amri ya majeshi ya Uingereza nchini Misri.

3. Mfereji wa Suez

Oktoba 1951 serikali ya Misri ilivunja mkataba wa mwaka 1936 ulioruhusu majeshi ya Uingereza kukaa katika eneo la Mfereji. Wafanyakazi wa Kimisri waliacha kazi kambini, na makundi ya wapiganaji yakaanza kuwashambulia askari. Desemba mwaka huohuo Erskine aliamuru nyumba za kijiji cha Kafr Abdu, karibu na mji wa Suez, zibomolewe ili kupisha barabara ya kuelekea kwenye mtambo wa maji. Ilikuwa hatua halali kwa macho ya mhandisi wa jeshi, na fedheha isiyosahaulika kwa macho ya Wamisri.

Kisha ikafuata Ismailia. Tarehe 25 Januari 1952 Erskine aliwataka polisi wa Kimisri mjini humo wasalimishe silaha na kuondoka. Waziri wao wa Mambo ya Ndani aliwaamuru wapigane. Baada ya saa kadhaa za mapigano kati ya vifaru na bunduki za mkononi, polisi wapatao 50 walikuwa wamekufa. Siku iliyofuata katikati ya Cairo kuliteketezwa kwa moto, na miezi sita baadaye, tarehe 23 Julai, Maofisa Huru wakapindua ufalme. Misri huadhimisha tarehe 25 Januari kuwa Siku ya Polisi hadi leo, na ndiyo siku ambayo vijana waliichagua mwaka 2011 kuanzia maandamano dhidi ya Rais Mubarak.

Erskine hakuondoka Misri akiwa mtu asiyejua. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi ushindi wa saa chache unavyoweza kuangusha utawala mzima. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuzisoma barua zake za Kenya kama za askari mgeni wa siasa.

4. Nairobi, Juni 1953

Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Miezi minane baadaye mambo yalikuwa yameharibika. Januari 1953 walowezi waliandamana hadi nyumbani kwa Gavana wakidai hatua kali zaidi. Machi yalitokea mauaji ya Lari na kisasi kilichofuata usiku uleule. Askari, polisi, polisi wa akiba ambao wengi wao walikuwa walowezi, na Homugadi walioundwa vijijini, kila kundi lilifanya kazi kwa namna yake na kwa bwana wake.

London iliamua kuweka kila kitu chini ya mkono mmoja. Kamandi ya Afrika Mashariki iliondolewa chini ya Kamandi ya Mashariki ya Kati na kuripoti moja kwa moja kwa Wizara ya Vita. Hati ya uteuzi ya Erskine ilimpa amri kamili juu ya majeshi, polisi na vikosi vyote vya usalama na vya ziada nchini Kenya, huku utawala wa kiraia ukibaki kwa Gavana. Aidha, Waziri Mkuu Churchill alimpa barua ya siri ya kumruhusu kutangaza sheria ya kijeshi na kuishika serikali yote, akiona inafaa. Inasimuliwa kwamba barua hiyo aliitunza ndani ya kibweta cha miwani, na kwamba katika vikao vigumu alikuwa akikifungua na kukifunga kibweta hicho mbele ya wajumbe bila kusema neno. Hakuwahi kuitumia.

Barua alizomwandikia mkewe, zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Vita mjini London, zinaonyesha kwamba aliwadharau walowezi kwa lugha ambayo hatutairudia hapa. Aliwaona kuwa watu waliokuja kutafuta maisha ya anasa wasiyoweza kuyapata kwao, na sasa wanadai jeshi liwapiganie bila wao kutoa chochote. Aliamini pia kwamba chanzo cha vita kilikuwa cha kisiasa na kwamba silaha peke yake zisingekimaliza. Msomaji wa leo anaweza kushawishika kumwona kuwa mtu wa upande wa haki aliyenaswa katika mfumo mbovu. Barua hizo, hata hivyo, zisomwe pamoja na amri alizozitoa.

5. Chuka na mipaka ya amri

Tarehe 17 Juni 1953, siku chache tu baada ya Erskine kuwasili, kampuni moja ya Batalioni ya 5 ya Keya ilikuwa katika doria huko Chuka, kusini mwa Meru. Watu wapatao 20 waliuawa. Wengi wao hawakuwa wapiganaji. Baadhi walikuwa Homugadi, yaani watu wa upande wa serikali.

Siku sita baadaye, tarehe 23 Juni, Erskine alitoa waraka kwa maofisa wote wa jeshi, polisi na vikosi vya usalama. Alisema hatavumilia uvunjaji wa nidhamu unaosababisha watu kuonewa, alikemea kupigwa kwa wananchi kwa sababu tu wao ni wananchi wa nchi ile, na akamtaka kila afisa akomeshe mara moja mwenendo wowote ambao angeona aibu kama ungetendwa kwa watu wake mwenyewe. Ni waraka wenye nguvu, na tunaamini kwamba alikusudia aliyoyasema. Kwa hoja yetu, jambo la kuangaliwa zaidi ni anwani yake: haukuelekezwa kwa jeshi pekee. Mnamo Juni 1953 jenerali mwenyewe alielewa kwamba nidhamu ya polisi na ya vikosi vingine ilikuwa ndani ya mamlaka yake.

Hapa inafaa tuseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa tumo katika kongamano la Kiswahili. Keya walitoka katika makoloni yote ya eneo hili. Pamoja na batalioni za Kenya, katika vita hivi zilitumika Batalioni ya 4 kutoka Uganda, ambamo alikuwamo kijana aitwaye Idi Amin, na batalioni za 6 na 26 kutoka Tanganyika. Lugha ya amri kati ya afisa wa Kizungu na askari wake ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini ambacho wanaisimu wamekiandikia mengi. Waraka wa Juni uliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya maofisa. Askari aliyebisha hodi mlangoni kwa mtu usiku hakuusoma. Alilisikia neno la afisa wa kampuni yake, kwa Kiswahili cha afisa huyo. Aliyeshika kampuni ndiye aliyeamua waraka ule uwe na maana gani kijijini.

Afisa wa Chuka alikuwa Griffiths. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Novemba 1953 kwa mauaji, ambapo ushahidi ulieleza kwamba askari walipewa shilingi kwa kila mtu waliyemuua na kwamba hesabu ya waliouawa iliwekwa kwenye ubao kama ya mchezo. Aliachiwa kwa sababu utambulisho wa marehemu haukuthibitika. Kelele zilizozuka katika Bunge la Uingereza zilileta mambo mawili. Griffiths alishtakiwa tena Machi 1954 kwa kuwatesa mahabusu, akafungwa miaka mitano. Na Desemba 1953 iliundwa tume ya Luteni Jenerali McLean kuchunguza mwenendo wa jeshi.

Katika suala la tume ndipo mkono wa Erskine unapoonekana vizuri. Tarehe 10 Desemba 1953 aliiandikia London kwamba hana shaka kuwa tangu Oktoba 1952 hadi alipofika yeye, jeshi na polisi walikuwa wamepiga watu risasi ovyo, na kwamba mahabusu walipigwa ili watoe habari. Hayo aliyaandika kwa siri. Hadharani, tume ilichunguza jeshi pekee, bila kugusa polisi wala Homugadi, na ikalisafisha kwa kiasi kikubwa. Kamanda aliyekuwa na amri juu ya vikosi vyote, na aliyekiri kwa maandishi kwamba polisi pia walihusika, aliridhika na uchunguzi wa kikosi kimoja.

Sababu zake zinaeleweka. Alihitaji Homugadi, ambao katika mwaka 1954 walizidi 25,000, kulinda vijiji wakati askari wake wakiwa msituni. Homugadi hao walikuwa chini ya maofisa tawala wa wilaya, na kila jaribio la kuwawajibisha lilimgombanisha na utawala wa Baring. Aliwapanga katika mipango yake ya vita, akawaacha kwa wengine katika suala la nidhamu. Huo ndio mgawanyo tunaoutilia mkazo. Haukuandikwa katika hati yake ya uteuzi. Ulijengeka kwa mazoea, kikao baada ya kikao.

6. Fuawe

Machi 1954 liliundwa Baraza la Vita, lenye wajumbe wachache sana, miongoni mwao Gavana, Erskine na Michael Blundell aliyewakilisha walowezi. Mwezi uliofuata ulikuwa na nafasi mbili zilizoelekeana. Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, alikuwa amekamatwa Januari, na kupitia kwake serikali ilikuwa ikiwashawishi viongozi wa msituni wasalimu amri kwa pamoja. Mapema Aprili doria ya Keya ilipambana na kundi la wapiganaji karibu na mpaka wa hifadhi, wengi wakauawa, na wale waliobaki wakarudi msituni wakiamini kwamba walitegwa. Mazungumzo yakafa. Jaribio la awali la kuwataka wapiganaji watoke wakiwa wameshika tawi bichi, lililotangazwa Agosti 1953, nalo lilikuwa limeleta wachache.

Tarehe 24 Aprili alfajiri ilianza Operesheni Anvil, yaani “Fuawe”. Erskine alikuwa amefikia uamuzi kwamba moyo wa Mau Mau haukuwa Nyandarua bali Nairobi, mahali zilikopatikana fedha, dawa, risasi na vijana. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, kisha wakaupekua mtaa baada ya mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao kutikisa kichwa kwao kulitosha kumpeleka mtu Langata, na kutoka huko hadi Manyani au Mackinnon Road. Katika wiki chache wanaume wapatao 20,000 walikuwa wamepelekwa kwenye mchujo, na wanawake na watoto wapatao 30,000 wamerudishwa kwenye hifadhi za vijijini.

Kijeshi, Anvil ilifaulu. Mishipa iliyolisha msitu ilikatwa, na kuanzia hapo wapiganaji walikuwa wakipigania kuishi zaidi kuliko kushinda. Hatuoni sababu ya kulikana hilo. Hata hivyo, operesheni ile ilihamisha vita kutoka mahali ambapo sheria za jeshi zilitumika na kuvipeleka mahali ambapo hazikutumika. Mtu aliyekamatwa na askari Nairobi alikabidhiwa kwa magereza na maofisa wa mchujo, na huko waraka wa 23 Juni haukuwa na mlinzi. Kufikia Desemba 1954 waliokuwa kizuizini, kwa takwimu za serikali yenyewe, walizidi 70,000. Juni mwaka huohuo Baraza la Vita liliamua kuwahamishia watu katika vijiji vyenye uzio na handaki. Zaidi ya watu milioni moja waliishia katika vijiji zaidi ya 800, chini ya ulinzi wa Homugadi walewale.

Jenerali alikuwa mjumbe wa baraza lililoamua hayo. Haifai kumwita mtazamaji.

7. Msamaha wa pande mbili

Mwaka 1954 London ilimtuma Arthur Young, mkuu wa polisi wa Jiji la London, aje kuongoza polisi wa Kenya. Young alianza kuwafungulia mashtaka Homugadi na machifu waliotuhumiwa kuua na kutesa. Utawala ulimzuia, na mwishoni mwa Desemba 1954 akajiuzulu, kabla hajatimiza mwaka. Barua yake ya kujiuzulu haikutangazwa.

Tarehe 18 Januari 1955 Baring alitangaza msamaha. Wapiganaji watakaosalimu amri hawatanyongwa kwa makosa waliyoyatenda kabla ya siku hiyo. Na kwa siku hiyohiyo, watumishi wa vikosi vya usalama hawatashtakiwa kwa makosa ya aina hiyo waliyoyatenda kabla yake. Baraza la Vita, Erskine akiwa ndani, liliupitisha mpango huo. Hoja ya kijeshi ilikuwa kwamba Homugadi wangeacha kazi iwapo wangeona adui anasamehewa nao wanafungwa. Ni hoja yenye mantiki yake. Lakini tukilinganisha na waraka wa Juni 1953, tunaona umbali aliosafiri mtu huyu katika miezi 19: kutoka kuamuru kila afisa akomeshe uonevu, hadi kukubali kwamba uonevu uliokwisha kutendwa usiulizwe.

Upande wa pili wa mizani haukuwa sawa hata kidogo. Katika kipindi chote cha Hali ya Hatari watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau.

8. Baada ya Kenya

Operesheni zake za mwisho, Hammer katika Nyandarua na First Flute katika Mlima Kenya, zilitumia askari wengi kwa mavuno kidogo. Misitu haikubali divisheni. Mei 1955 alimkabidhi kazi Luteni Jenerali Gerald Lathbury, ambaye alitegemea zaidi makundi bandia ya wapiganaji waliogeuzwa, na ni katika kipindi hicho Dedan Kimathi alikamatwa, tarehe 21 Oktoba 1956. Erskine alirudi kuongoza Kamandi ya Kusini nchini Uingereza, kisha akawa Naibu Gavana wa kisiwa cha Jersey kati ya mwaka 1958 na 1963. Alifariki tarehe 29 Agosti 1965, zamani sana kabla ya mtu yeyote kumhoji kuhusu kibweta cha miwani.

Mwaka 2005 vitabu vya David Anderson na Caroline Elkins viliufungua upya mjadala, na mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha majalada ya makoloni katika jengo la Hanslope Park, yakiwamo majalada yapatayo 1,500 ya Kenya. Kati ya mambo yaliyodhihirika ni jinsi taarifa za mateso zilivyopanda hadi ngazi za juu za serikali mapema kuliko ilivyokubaliwa hadharani. Kwa mtafiti anayefuatilia amri za Erskine, utajiri wa majalada hayo uko katika vikao vilivyorekodiwa: nani alikuwapo, nani aliarifiwa, na nani hakuuliza.

Swali hilo si la historia pekee. Kikosi cha Kikanda cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichokuwa mashariki mwa Kongo kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023 kilikusanya askari wa nchi kadhaa katika eneo lenye wanamgambo wengi na raia ambao wengi wao huzungumza Kiswahili. Anayeandika hati ya uteuzi wa kamanda wa kikosi cha namna hiyo angefaidika kuisoma ya Mei 1953 na kuuliza kilichokosekana. Ilitaja amri juu ya kila kikosi, lakini haikusema ni nani atakayemfungulia mashtaka mwanamgambo anayetumiwa na kikosi, wala mahabusu aliyekamatwa na askari anakuwa mikononi mwa nani pindi anapokabidhiwa. Katika nafasi hiyo tupu ndipo Homugadi na kambi za mchujo vilipokaa.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague aliliambia Bunge kwamba serikali ya Uingereza inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni na kwamba inasikitika. Walalamikaji 5,228 walilipwa jumla ya pauni milioni 19.9, na fedha zikatolewa kwa ajili ya mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015. Katika tamko lilelile waziri alisisitiza kwamba serikali yake bado haikubali kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa koloni. Kwa kuwa shauri lilimalizwa nje ya mahakama, hoja kwamba Erskine alikuwa mkono wa London haikupata hukumu ya mwisho. Kundi jingine la walalamikaji zaidi ya 40,000 lilikwenda katika Mahakama Kuu hiyohiyo, na mwaka 2018 madai yao yakatupwa kwa sababu muda uliokuwa umepita ni mrefu mno.